Wasifu wa Atupele

Asubuhi ya siku ya mnada, huku kwetu kando ya Ndalambo, Atupele alibandika chai, akamsuka binti yake Angel, kisha akajitwisha cherehani yake kwenda kushona mnadani. Alikuwa mtu wa kucheka hadithi zake mwenyewe kabla hajazimaliza. Saa nne mtu mmoja akatoa bunduki akaanza kupiga watu risasi. Wakafa sita, Atupele akiwamo.

Jina la mtu huyo silitaji. Mnalijua nyote, na hilo ndilo linalonichoma.

Tulizika siku moja wote sita. Mama Enesi, mama mzazi wa Atupele, aliandika wasifu wa marehemu kama ilivyo desturi yetu. Mwongoza ratiba akatangaza kwamba muda umebana, viongozi wanataka kusema neno. Wakasema watano. Wasifu hata mmoja haukusomwa, nasi tukanyamaza.

Miaka miwili baadaye akaja kijana mmoja aitwaye Hezron na kamera, kutengeneza filamu ya msiba ule. Ndugu zangu, tulikanyagana! Huyu aliwahi kumuuzia muuaji soda, yule alisoma naye. Mimi nilionyesha alipoegesha pikipiki. Mama Enesi alikaa kwenye benchi tangu asubuhi na karatasi yake ya wasifu mkononi. Zamu yake ilipofika aliulizwa kama alimfahamu muuaji. Akasema hapana, akashukuriwa, akaambiwa anaweza kwenda.

Filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa. Muda wote tukamtazama muuaji: utoto wake, kofia yake, bunduki yake. Marehemu walitajwa mwishoni, kwa idadi tu. Vijana wa nyuma walikuwa tayari wanaigiza mwendo wake.

Angel, sasa ana miaka mitano, akamvuta bibi yake nguo.

"Bibi, mama yuko wapi humo?"

Mama Enesi akaenda mbele.

"Zima hiyo, mwanangu," akamwambia Hezron. Kisha akatugeukia. "Atupele aliishi miaka ishirini na sita. Ninyi mnajua dakika yake moja tu. Kaeni, leo muda upo."

Akasoma taratibu, neno kwa neno. Alipofika pale pa Atupele asiyeweza kumaliza hadithi kwa kucheka, Angel akacheka peke yake ukumbi mzima. Hakuna mtu mzima aliyeweza kumtazama.

FUNZO

Muuaji hahitaji msaada wetu ili akumbukwe. Kwenye msiba wasifu usomwe kwanza, viongozi wangoje. Akija mwenye kamera, mwulizeni ataanza na nani; akimtaja muuaji, mwonyesheni njia aliyojia. Na sisi tuliokimbilia kusimulia kofia na pikipiki tuone haya. Mimi wa kwanza.