Kaburi Alilolipita Kila Jumapili

Hilari aliingia kanisani Kasansa katikati ya misa ya kumwombea marehemu Hilari.

Ndugu zangu wa humu, rudieni hiyo sentensi. Marehemu mwenyewe kaingia kwa miguu yake, kakonda, shoka begani!

Mwaka 1976 huo. Watu walikimbia kwa kurukia madirishani. Mkewe, Emerensiana, akazimia pale pale kwenye benchi.

Bibi yangu Verdiana hakukimbia. Macho yake yalikuwa kwenye mpini wa lile shoka, palipochongwa mistari mitatu na nukta.

Ilikuwa alama ya mumewe, Damiano.

Nirudi nyuma kidogo. Damiano na Hilari walikuwa warina asali. Kila mrina alichonga alama yake kwenye mizinga na kwenye mpini wa shoka, mtu asije akadai ni vyake. Mwaka 1974 waliingia porini wawili, hakurudi hata mmoja.

Bibi alitaka kitu kimoja tu, kumzika mumewe. Akachukua daftari la shule, akaandika alama za wanaume wote waliopotelea porini. Mifupa ikiokotwa, anaitwa yeye. Anaangalia kilichokutwa nayo, anafungua daftari, anataja jina. Familia tatu zilizika watu wao kwa sababu yake.

Ya Hilari ndiyo ilikuwa ya kwanza. Fisi walikuwa wamebakiza fuvu, mifupa michache, na shoka lenye msalaba, alama ya Hilari. Bibi akaiosha ile mifupa, akamkabidhi Emerensiana. Siku hiyo alimwonea wivu, jamani. Mwenzake kapata kaburi, yeye hana.

Sasa nje ya kanisa akamuuliza Hilari swali moja.

"Shoka la mume wangu umelitoa wapi?"

Hilari akapiga magoti. Akasema kila wakiingia porini walikuwa wanabadilishana mashoka, ndiyo ahadi yao kwamba hakuna atakayemwacha mwenzake. Damiano akaanguka kutoka mtini akitundika mzinga, akakata roho. Yeye akaogopa kuambiwa kaua, akakimbilia Urambo kwenye mashamba ya tumbaku.

"Nilimwacha, shemeji. Nilimwacha na shoka langu."

Basi mmeelewa...

Bibi alimwosha mumewe mwenyewe na hakumjua. Miaka miwili alilipita kaburi lile kila Jumapili bila kusimama, akiwahi kanisani kuomba Damiano aonekane.

Akaenda makaburini, akaketi chini na daftari lake. Akashindwa kuandika.

Emerensiana akamfuata, akakaa ubavuni pake.

"Nimemlilia mumeo miaka miwili, dada. Hakukosa wa kumlilia. Sasa zamu yako."

Ndipo bibi akalia.

Daftari ninalo mimi leo. Ukurasa wa kwanza jina la Hilari limekatwa, limeandikwa Damiano, na wino umesambaa kwa machozi.

Wapendwa, mtu wenu akipotea, msiulize tu alibeba nini. Ulizeni pia aliahidiana nini, na nani.