Kidonge Chini ya Ulimi

Kila asubuhi, kabla Sitara hajavaa sare ya shule, mama yake, Chiku, alimpa vidonge na kikombe cha uji. "Vya kifua," alijibu kila alipoulizwa. Kisha alifunga chumba chao cha kupanga pale Magomeni, akaelekea Mchikichini kuuza mashati ya mitumba.

Sitara alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata kukohoa hakohoi. Kwenye mbio za shule alimwacha nyuma Bushiri, mtoto wa mwenye nyumba, aliyejiona hana mpinzani. "Nimepona," Sitara alijisemea. Tangu siku hiyo akawa anaficha vidonge chini ya ulimi. Mama akigeuka, anavitema mtaroni.

Haukupita muda mrefu, homa kali ikamlaza. Mama alimkimbiza kliniki. Nesi Klara, aliyemfahamu Sitara tangu akibebwa mgongoni, alimpima, kisha akamtazama machoni.

"Mwanangu, dawa unameza?"

Sitara aliinama. "Hapana. Nazitema. Kifua kilishapona."

Chiku aligutuka. "Unanidanganya, Sitara? Mimi mama yako?"

"Usimgombeze, Mama Sitara," Nesi Klara alisema taratibu. "Na sisi wakubwa hatujamwambia ukweli. Ameshakua. Mwambie mwenyewe, mimi nipo hapa."

Chiku alizungusha ncha ya khanga yake kidoleni. Aliogopa mtoto asije akamchukia. Mwishowe alimvuta karibu.

"Dawa zile si za kifua, mwanangu. Una virusi vya UKIMWI. Ulizaliwa navyo. Umevipata kwangu, nami wakati huo sikujua kama ninavyo. Wewe huna kosa lolote."

Sitara aliwatazama wote wawili. "Nitakufa?"

"Ukimeza dawa kila siku, virusi vinakosa nguvu," Nesi Klara alimjibu. "Utasoma, utakimbia, utakuwa mtu mzima. Na kula au kucheza na wenzako hakuwaambukizi."

Sitara alimgeukia mama yake. "Na wewe unameza?"

"Nameza. Najificha nyuma ya pazia usije ukaniuliza."

Machozi yakamtoka Sitara, lakini hakujitoa mikononi mwa mama yake. "Pole, mama," alisema. Chiku alikuwa amejiandaa kwa lawama; neno lile likamliza kwa sauti.

Homa ilitibiwa, ikaisha. Jumamosi moja asubuhi Sitara alishika vidonge vyake, akasubiri. "Lete na vyako." Wakameza pamoja.

"Nilikuficha nikidhani nakulinda," mama alisema. "Kumbe nilikunyima nafasi ya kujitunza. Ukichoka na dawa, niambie, usizitupe. Na ukiwa na swali, uliza. Sitakudanganya tena."

"Ninalo," Sitara alisema. "Marehemu baba, yeye alijua?"

Wateja wa Jumamosi walikuwa wanamsubiri Chiku sokoni. Alivuta kigoda, akakaa karibu na binti yake, akaanza kumsimulia.