Jasho la Dereva Numbi

Alhamisi ile nilitoka jioni kununua makaa tu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mabomba ya moshi ya kiwanda, na vumbi la mtaa wetu wa Kikula bado halijatulia barabarani. Karibu na reli nikaona garaji iko wazi, vitu vimetandazwa chini juu ya turubai: taa za gari, vikombe vya ushindi vilivyoota kutu, picha za magari ya mashindano zilizoliwa na mende. Mama mmoja mwenye nguo nyeusi alikuwa ameketi juu ya ndoo. Aliitwa Mama Eugénie. Alikuwa anauza vitu vya mume wake Numbi, dereva wa yale mashindano ya zamani ya kukimbiza magari kwenye vumbi hadi Mwadingusha. Numbi alikufa kwa homa mwezi uliopita.

Nikasimama kwa ajili ya Alexis, mume wangu. Ukuta wa sebule yetu una picha nyingi za magari kuliko za ndugu zake. Anaendesha lori la maji mgodini kule Kakanda, anarudi kila baada ya wiki mbili. Na mwaka huu ndoa yetu iliponea chupuchupu. Wambeya wa mtaani walimwambia kwamba akiondoka tu, mwanaume mwingine anaingia. Uongo mtupu, lakini aliuamini miezi mitatu, tukilala tumegeuziana migongo. Sasa tulikuwa tumepatana, na Jumamosi angefika. Nilitaka akute zawadi mezani.

Nikaiona. Helmeti nyekundu, namba 17 ubavuni, jina la Numbi limeandikwa nyuma kwa rangi nyeupe.

Nikachungulia ndani. Mungu wangu. Sponji lilikuwa jeusi, linang'aa kwa mafuta ya kichwa. Harufu ikanipanda puani... jasho la mtu mgonjwa, petroli, na kitu kingine kama nyama iliyosahauliwa sufuriani.

"Ni franga ngapi?"

Akataja bei ndogo ya aibu. Maharage ya wiki yangenigharimu zaidi.

"Iko chafu sana, mama," nikasema, ili ashushe tena.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Utaifula weye mwenyewe?" akanong'ona.

"Minye mwenyewe. Nani ingine?"

"Na mikono yako?"

"Na mikono yangu."

Akafumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi, beba."

Ijumaa asubuhi niliweka beseni uani. Maji ya moto, sabuni ya unga, chumvi. Nikakamua sponji, yakatoka maji ya rangi ya chai. Nikamwaga. Beseni la pili, chai tena. La tatu maji yakawa mazito, ya njano, yanavutika kati ya vidole vyangu kama bamia. Vinywele vifupi vya mvi vikanasa kwenye kucha zangu. Kisha kikatoka kipande cha ngozi, laini, upana wa kidole gumba, na vinywele vitatu bado vimeota juu yake.

Nikatapika kando ya ukuta.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi uchafu ukinishinda nakasirika, nikarudi kusugua. Beseni la tisa maji yakatoka safi. Nikaianika juani kutwa nzima, nikajiona hodari.

Jioni helmeti ilikuwa bado mbichi. Na ilikuwa na joto, kama kwapa.

Nikaiweka mezani, nikaenda kusonga bukari, ugali wetu. Umeme ukakatika. Nikawasha mshumaa. Nyumba ilikuwa kimya...

Hhh.

Nikasimama na mwiko mkononi.

Hhh... hhh...

Nikaenda sebuleni. Kioo cha mbele cha helmeti kilikuwa kimefunikwa na mvuke, kwa ndani. Nikasogeza mshumaa. Mvuke ukapungua. Ukarudi. Ukapungua...

Kulikuwa na mtu anapumua mle.

Niliibeba kwa kitambaa, mikono nimeinyoosha mbele, nikaitumbukiza kwenye shimo la choo. Niliisikia ikizama kule chini, polepole. Nikanawa hadi ngozi ikauma, nikajiambia yamekwisha.

Jumamosi alfajiri niliamka mgongo umelowa. Upande wa Alexis, ambako hakuna aliyelala kwa wiki mbili, godoro lilikuwa limebonyea urefu wa mtu mzima. Mto wake ulikuwa na doa la njano, la uvuguvugu, na vinywele vya mvi vimegandia juu yake. Nikajigusa shingoni. Kulikuwa na ute... mahali ambapo mdomo ungekaa.

Sikunywa hata chai. Nilikwenda mbio kwa Mama Eugénie. Garaji ilikuwa imefungwa. Mwenyewe alikuwa barazani, ameoga, amevaa kitenge kipya cha maua, anakula mandazi kwa hamu ya mtu aliyetoka hospitali.

"Ulinifanya nini, mama?"

Akatazama huku na huku. "Kufula jasho ya mwisho ya marehemu ni kazi ya badada yake," akanong'ona. "Siku ya kumaliza kilio. Weye unajua. Uko muntu ya Kasai sawa minye."

Nilijua. Katika ukoo wetu, sisi dada wa marehemu tumefanya hivyo mara ngapi? Lakini nilijua habari za mashati na mashuka. Akili yangu haikufika kwenye helmeti, kwa sababu nilikuwa nahesabu furaha ya Alexis.

"Na badada yake?"

"Balikatala. Numbi alikufa amevaa ile helmeti, na balijua. Mwenye kumufulia, yeye njo anabakia naye, sawa bibi yake."

"Lakini minye niko na bwana yangu."

Akaacha kutafuna. "Numbi iko na jaluzi, iko na wivu," akasema taratibu. "Hata kaka yangu kunisalimia tu, hakupenda."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Kutwa nzima nilifua. Mashuka, mto, chandarua. Kisha nikajifua mwenyewe, kwa jiwe, kwa limau, hadi mwili ukawaka moto. Nilijichukia kila mahali nilipojigusa.

Alexis alifika saa kumi na mbili jioni, begi begani, anacheka. Alikuwa ameniletea samaki wa mto Lufira. Akanikumbatia mlangoni, akazamisha pua shingoni mwangu kama kawaida yake.

Kicheko kikakatika.

Akarudi nyuma hatua moja. Akanusa mikono yake.

"Nani anakuyaka humu? Mwanaume gani?"

"Hakuna muntu, chéri. Naapa."

"Minye najua harufu yangu, Emé. Ile haiko yangu." Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kinyaa, kama wangu juu ya beseni. "Iko mu nywele yako. Iko mpaka mu kinywa."

Nikamweleza kila kitu, helmeti, maji, mjane, maneno yakigongana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nionyeshe ile casque ya Numbi."

Nikaonyesha choo kwa kidole.

Hakwenda hata kutazama. Akaokota begi lake. "Kumbe bantu ya mtaa balinisemea kweli," akasema, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akanikataza kumpigia simu. Nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha geti.

Nilikaa kitandani bila kuwasha mshumaa. Nililia. Nilimtukana Numbi, nikatukana gari lake na ukoo wake wote. Godoro likabonyea nyuma yangu, taratibu, jinsi mtu mzito anavyoketi akiogopa kukuamsha.

Hhh...

Mkono wa uvuguvugu, wenye majimaji, ukatua begani kwangu. Ile harufu ikanijaa puani. Nikasubiri kichefuchefu...

Hakikuja. Nyumba ilikuwa baridi, Alexis hayupo, na mkono ule ulikuwa na joto. Nikauacha ukae.