Edinah Aliyemfunika Mdogo Wake

Kila Jumapili asubuhi, mama alipokwenda kuchuma majani chai karibu na Ikonge, Edinah alibaki nyumbani kumlea Jasper, mdogo wake ambaye bado alikuwa mchanga sana. Alimbadilisha nepi, akamwimbia, akafua nguo huku akimchungulia.

Jumapili moja Bonareri, rafiki yake wa darasani, alikuja kumtembelea. Walipokuwa wakizungumza, mkono wa kushoto wa Jasper ulikakamaa, kisha mwili mzima ukaanza kutikisika. Macho yakageuka.

"Ana nini?" Bonareri aliuliza akirudi nyuma.

Edinah alimfunika mtoto kwa blanketi upesi. "Anaota tu."

Shuleni kwao kulikuwa na mtoto aliyechekwa kwa sababu ya kifafa, na Edinah hakutaka nyumba yao isemwe vivyo hivyo. Mama aliporudi, alimwambia kwamba Jasper ameshinda vizuri.

Alfajiri iliyofuata Jasper alishikwa tena, safari hii mikononi mwa mama. Wakamkimbiza hospitalini mjini Kisii.

"Hali hii imewahi kumpata kabla ya leo?" Daktari Fardosa aliuliza.

"Hapana, daktari," mama alijibu.

Edinah alimtazama Jasper aliyechomwa sindano, machozi yakamtoka. "Mama, nisamehe. Jana ilimpata. Ilianzia mkono wa kushoto. Nilimfunika kwa blanketi ili Bonareri asione."

Mama aliinamisha kichwa. "Daktari, hata mimi nimeficha. Naambiwa nilishikwa hivyo nikiwa mchanga, ikaisha nilipokua. Niliona haya kusema."

"Sasa mmenisaidia," daktari alisema. "Seli za neva zina vijilango vidogo mno vinavyopitisha chembe za chumvi. Vingine huichangamsha seli, vingine huituliza. Kwa mtoto mchanga, vya kutuliza bado ni vichache, huongezeka anapokua. Katika baadhi ya familia hivyo vya kutuliza vina kasoro, ndiyo maana watoto hushikwa. Wengi wao hupona wakikua. Tutapima damu."

Vipimo vilithibitisha maneno yake. Jasper alipewa dawa, akatulia.

Siku ya kurudi nyumbani, Edinah hakuthubutu kumtazama daktari usoni. Daktari Fardosa akamshika bega.

"Ugonjwa si aibu, Edinah. Lakini mtoto angeweza kukosa pumzi chini ya blanketi lile. Akishikwa tena, mlaze kwa ubavu, mwite mtu mzima, na useme yote uliyoyaona. Sisi madaktari hatuwezi kutibu tusichoambiwa."

"Nimesikia, daktari," Edinah alijibu kwa sauti ndogo. "Hata Bonareri nitamwambia ukweli."