Ndizi za Kwenda Bumbire

Kila Ijumaa, baada ya kufagia uwanja na kumwagilia bustani, wanachama wa Klabu ya Huruma walikutana katika darasa la sita. Mwenyekiti wao alikuwa Penina, na hakuna aliyelisahau hilo, kwa sababu Penina mwenyewe hakuwapa nafasi ya kulisahau. Shule yao, iliyo katani Bakoba mjini Bukoba, ilikuwa na utaratibu mzuri. Kila muhula klabu ilichagua chama kimoja cha hisani na kukichangia kwa vitu ambavyo wanafunzi walileta kutoka nyumbani.

Muhula huu vyama viwili viliomba msaada, vyote vikihudumia familia za wavuvi katika kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba. Cha kwanza kiliitwa Sahani Kamili. Kiongozi wake, Bwana Joackim, alikuwa mcheshi, amevaa fulana nyeupe yenye nembo, na alileta picha za kupendeza za boti iliyojaa mikungu ya ndizi. Cha pili kiliitwa Maji Safi Visiwani. Kiongozi wake, Bi Nuriat, muuguzi mstaafu, alileta ndoo moja tu ya maji ya kunywa, yenye mfuniko na bomba. Tena alikiri waziwazi kwamba mwaka uliopita baadhi ya familia zilizopewa ndoo zilizitumia kuwekea dagaa.

Penina alikunja uso. Dagaa! Chama gani hicho kinachojisema vibaya chenyewe?

"Mimi nachagua Sahani Kamili," alitangaza wageni walipoondoka. "Watu wa kisiwani wanakula ugali kila siku. Tuwapelekee chakula chenyewe, ebitoke, ndizi zetu!"

Darasa zima lilishangilia. Tusiwalaumu. Kwa mtoto wa Bukoba, kama hujala ndizi bado hujala, hata kama umemaliza sinia zima la ugali. Mikono ikanyooshwa juu, isipokuwa mmoja. Masele, mvulana mpole aliyehamia shuleni mwaka huo, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Masele, Bumbire si ndiko kwenu?" Penina aliuliza kwa hasira. "Tunawasaidia ninyi, halafu wewe hunyooshi mkono?"

"Ndizi zilikuja mwaka jana," Masele alijibu taratibu. "Zilioza."

"Haiwezekani! Nani anaacha ndizi zioze?"

Masele alianza kukusanya madaftari yake. Mwalimu Oliva, mlezi wa klabu, aliwatazama wote wawili, kisha akahesabu mikono.

Jumatatu wanafunzi walifika shuleni na mikungu mabegani, juu ya baiskeli, na mmoja hata kwa toroli. Baba yake Penina, Mzee Mwesiga, alitoa mkungu mkubwa kuliko yote kwenye migomba ya kibanja chake, na binti yake alitembea mbele yake kama bibi harusi. Stoo ya shule ilijaa. Boti ya Sahani Kamili ingeondoka wiki iliyofuata.

Mchana Penina alimkuta Masele nyuma ya stoo, akijifuta machozi.

"Una nini?"

"Serafina anaumwa tena tumbo," alisema. Serafina alikuwa mdogo wake, wa miaka minne, aliyebaki kisiwani na mama yao. "Wamempeleka zahanati. Ni yale maji ya ziwa. Mama anasema ameishiwa nguvu kabisa."

Penina alitaka kusema pole, lakini alichokumbuka ni maneno aliyomrushia Masele mbele ya darasa. Aliona aibu. Akamshika mkono, wakaenda pamoja ofisini kwa walimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunaomba tuzungumze na mama yake Masele."

"Marahaba. Nilikuwa nikisubiri mmoja wenu aniombe hivyo," alisema Mwalimu Oliva, akatoa simu yake na kuweka spika.

Mama Masele aliwaeleza kwamba Serafina alikuwa amewekewa dripu na sasa alikuwa anafumbua macho. Watoto wakashusha pumzi.

"Shikamoo, mama," Penina alisema. "Zile ndizi za mwaka jana, mlizionaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tulishukuru sana, msituone wabaya. Lakini zilikuja nyingi siku moja, na kuni huku ni za kutafuta kwa tochi. Wengi wetu tumetoka Usukumani, kuzimenya tu ni kazi! Zikaiva zote kwa pamoja. Tulizoshindwa kula wakala mbuzi."

"Na zile ndoo za Bi Nuriat?"

"Ah, zile!" Mama alicheka kidogo. "Jirani zangu waliweka dagaa, kweli. Yule mama akarudi, akawakuta, akakaa nao siku nzima kuwafundisha kutibu maji. Kila mwezi anakuja. Nyumba zenye ndoo watoto hawaharishi ovyo. Sisi hazikutufikia."

Penina hakulala usingizi mzuri usiku huo, ila alipoamka alikuwa ameshaamua. Aliwakusanya wanachama mbele ya stoo na kusema kwa ile sauti yake kubwa, "Nilikosea. Nilichagua chakula ninachokipenda mimi. Masele alijua ukweli, nami nilimnyamazisha. Masele, nisamehe." Kisha akawaeleza yote waliyoyasikia, na kura ikapigwa upya. Safari hii mkono wa Masele ulitangulia.

"Na ndizi hizi?" aliuliza Gideon, aliyekuja na toroli. "Zikiiva hapa tutakula mpaka tuugue!"

"Tuzipeleke mnadani," alisema Penina. "Jumapili, baada ya ibada!"

Wazo hilo lilipendwa mara moja. Mchungaji wa kanisa la jirani alikubali, Mwalimu Oliva akampigia Bwana Joackim kumweleza, na Jumapili mikungu ikapangwa nje ya kanisa. Mkungu wa Mzee Mwesiga ulinunuliwa, mnunuzi akaurudisha kwa furaha, ukanadiwa tena, na tena, hadi watu wakauliza kama una miguu. Kwa fedha hizo, kupitia Bi Nuriat, klabu ilipata ndoo za kutosha nyumba zote zilizokuwa zimerukwa, ya akina Masele ikiwamo, pamoja na dawa ya kutibu maji.

Mwezi uliofuata Bi Nuriat alirudi shuleni kutoa taarifa. Serafina alikuwa mzima, anakimbia ufukweni siku nzima. "Ila familia moja," aliongeza, "nilikuta ndoo yao ina togwa." Wanafunzi wakaangua kicheko, na Penina akacheka kuliko wote.

"Mwalimu, Bwana Joackim alitudanganya?" Masele aliuliza mgeni alipoondoka.

"Hapana. Bwana Joackim ana moyo mwema, ila hakurudi kuuliza," alijibu Mwalimu Oliva. "Wanangu, mnapotaka kuchangia, msitazame fulana na picha. Ulizeni mambo mawili. Waliosaidiwa wanasemaje? Na aliyepeleka msaada, alirudi kuona umefanya kazi gani? Anayewaeleza na yaliyoharibika, huyo anafuatilia kazi yake. Wema bila kuuliza unaweza kulisha mbuzi, na mtoto akabaki anaumwa."

Penina alimgeukia Masele. "Muhula ujao," alisema, "wewe ndiye utakayeanza kuzungumza."