Bamba Lililobisha Hodi

Ami yangu Mkadam alikuwa mhunzi pale Saateni, mtu wa maneno machache na sifa nyingi, nyingine kajipa mwenyewe. Jumatatu moja nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta na furaha. Sonara wa Mji Mkongwe kamwagiza mlango wa chumba cha dhahabu: bamba la chuma nene vidole viwili, gumu hata keekee isilitoboe.

Bamba lilitoka kwenye meli kuukuu iliyozama upande wa Uroa. Rafiki yake Usi ndiye aliyepiga mbizi kulikata, na hakurudi hai. Walikuwa na ishara yao: aliye chini akigonga mnyororo mara tatu, aliye juu amvute haraka. Ami, aliyekuwa juu, aliapa kuwa Usi hakugonga. Radhiya, mjane wa Usi, alimwamini, na siku ile naye alikuja kukitazama chuma kilichomponza mumewe.

Bamba lilikuwa jekundu motoni. Ami na mafundi wenziwe wakalitumbukiza kwenye birika la maji ili liwe gumu. Lilipopoa wakaliegemeza ukutani. Hapo mhunzi hugonga mara moja kwa nyundo na kusikiliza. Likilia vizuri, halina ufa.

Ami akagonga. Likalia vizuri. Akatabasamu.

Kisha likagonga lenyewe.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hakuna aliyeligusa. Nyundo ikamtoka ami mkononi.

Likagonga tena. Mara tatu. Polepole zaidi, kama mtu anayechoka.

Radhiya akanong'ona, "Shemeji, uliniambia hakugonga."

Ami akaketi chini kwenye majivu.

"Aligonga, shemeji. Winchi ilikuwa moja. Nlivuta bamba kwanza, kabla yake."

Radhiya alijifunga buibui lake akaondoka. Hakulia wala hakumlaani, na hilo ndilo lililommaliza ami. Tangu siku ile hajashika nyundo. Ukienda kwake, bisha hodi mara mbili tu.

Sonara alilichukua bamba lake. Fundi wake alijaribu kulitoboa tundu la kufuli, akavunja keekee nne bila kuliachia hata mkwaruzo. Lakini upande ulioegemea ukuta siku ile una vishimo vitatu, kila kimoja sawa na kifundo cha kidole. Kila asubuhi sonara huvikuta vimejaa maji. Niliyaonja. Ni ya chumvi.