Msikilizaji wa Chumba cha Kufulia

Uzi wa tatu ulikuwa umelegea tena.

Mpiga gitaa Vitatu aliugusa kwa kidole gumba, akasikia ulivyoshuka: kiasi kilekile cha jana na juzi. Haukulegea kama uzi uliochoka. Ulishuka kama uzi ulioshushwa kwa makusudi na mtu aliyejua pa kukomea. Alikuwa ameukaza mwenyewe asubuhi ile, kabla ya chai. Gitaa lilining'inia ukutani sebuleni, na nyumbani alikuwepo yeye na binti yake wa miaka kumi na tisa tu. Mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake.

"Umeligusa gitaa langu?"

"Nina langu, baba," binti alijibu kutoka jikoni. "Na hilo lako linanuka."

Kweli lilinuka. Sabuni ya kipande, na nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni.

Siku tatu kabla alikuwa amehojiwa redioni. Watu walimwita Vidole Vitatu, kisha Vitatu basi, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulipotembea kwenye shingo ya gitaa ulitumia vidole vitatu tu, na kile cha mwisho, kile kidogo, kilibaki kimekunjwa pembeni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Vijana walimwiga. Binti yake naye alipiga hivyohivyo, na Jumamosi angepiga mbele ya walimu wa chuo cha muziki, waombaji arobaini kwa nafasi mbili. Mtangazaji alimuuliza Vitatu ni wapiga gitaa gani waliomjenga. Akataja majina saba bila kuvuta pumzi, wanaume wote, wa kwenye santuri wote, ambao hakuwahi kumwona hata mmoja wao kwa macho.

"Na hii staili ya vidole vitatu, kaka, umeitoa wapi?"

"Kichwani mwangu," alisema Vitatu. "Niliibuni mwenyewe."

Alikuwa ameusema uongo huo kwa miaka ishirini, na kila mara ulimtoka kwa wepesi zaidi. Huenda hata yeye alikuwa ameanza kuuamini. Wengi wetu tuna uongo wa namna hiyo, ila wetu hautangazwi.

Alasiri alikwenda mazoezini. Bendi ilifanyia mazoezi katika ghala la duka la magodoro, na magodoro yaliyosimamishwa ukutani yalimeza mwangwi vizuri kuliko studio nyingi. Mpiga besi, rafiki yake wa siku nyingi, aliitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza.

"Mbona unakikanda hicho kidole?" Kimya aliuliza. "Hujawahi kukipa kazi hata siku moja. Leo kimegoma?"

"Kina baridi. Kama nimeshika barafu."

"Kivishe soksi, tuanze."

Katikati ya wimbo wa tatu, Vitatu alipoingia kwenye solo iliyompatia jina, sauti ilisema nyuma ya bega lake, "Siyo hivyo."

Ilikuwa sauti ya chini, yenye hasira ya mtu aliyevumilia muda mrefu. Vitatu aliacha kupiga. Besi nayo ilikuwa imenyamaza. Kimya alikuwa amemtumbulia macho, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Nani kasema?" Vitatu alinong'ona.

"Usiniulize mimi. Mimi nimeona godoro nyuma yako likibonyea, kama mtu kaliegemea. Halafu likarudi."

Alipofika nyumbani alimkuta binti yake mezani, mkono wa kushoto ndani ya bakuli la maji ya moto.

"Baba, kidole changu hakisikii."

Kilikuwa kile cha mwisho. Asubuhi iliyofuata kilikuwa kimekunjika kiganjani na kukataa kunyooka, na kwenye shina lake palikuwa na mstari mwembamba, kana kwamba mtu alikuwa amekizungushia uzi wa gitaa na kuukaza. Daktari alisema damu haifiki na haoni kwa nini haifiki. Isipofika kufikia Jumamosi, alisema, kidole itabidi kikatwe.

Kimya ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mwenye haraka ya mtu aliyeacha wateja kwenye benchi. Aliagiza gitaa la Vitatu lilazwe mezani, akaweka bakuli la maji kando yake, akakaa.

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe. Kwa santuri."

Uzi wa tatu ulilia, mmoja peke yake, na hakuna aliyeugusa.

"Nauliza mara ya pili," alisema mganga, "na ya tatu huwa siulizi. Nani alikufundisha?"

Vitatu alitazama sakafu. Binti yake alimtazama yeye.

"Dada yangu," alisema mwishowe. "Baba yetu hakutaka mwanamke wa nyumba yake ashike gitaa. Basi dada alipigia nyuma, kwenye chumba cha kufulia, amejifungia. Mimi nilikaa naye, nikashika kila kitu. Alikuwa hana kidole cha mwisho. Wakubwa walisema mlango ulimbana, na hakuna aliyeuliza ni mlango gani. Uzi wa tatu aliushusha kwa sababu hapo ndipo vidole vyake vilipofika. Nyimbo ni zake. Zote ni zake."

Binti alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukiokota.

"Shangazi? Yule unayesema alikuwa mfua nguo tu? Baba, mimi nina vidole vinne! Nimekaa miaka kumi nakunja kimoja, walimu wananiuliza kwa nini, najibu ni staili ya baba. Umenifundisha kilema cha mtu ukaniambia ni ufundi wako!"

"Mwanangu..."

"Usiniite mwanangu. Mwite yeye. Mtaje!"

Maji yakatetemeka bakulini, harufu ya sabuni ikajaa chumba hadi Kimya akafunika pua, na sauti ileile ya ghalani ikasema kutoka upande ambao hapakuwa na mtu, "Huyu binti ana akili."

"Wewe ndiye marehemu?" mganga aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu.

"Marehemu amelala. Mimi ni msikilizaji wake. Nilikaa naye mle miaka kumi na minane, na hakuna aliyemsikia ila mimi na huyu mwizi. Nimesikiliza wapiga nyuzi tangu nyuzi zilipokuwa za utumbo wa mnyama. Sikupata kama yeye. Halafu huyu anakaa redioni anataja wanaume saba!"

"Unataka nini?"

"Anayepiga nyimbo zake apige kwa mkono kama wake. Naanza na binti."

"Na akimtaja palepale redioni alipomficha?"

Sauti ikajibu, "Binti atapata kidole chake. Na kwa huyu nitachukua kilicho cha dada yake, nitoke mkononi mwake."

Mganga alimgeukia Vitatu. "Naona ni haki. Wewe unaona kuna kasoro?"

Hakuona kasoro. Kesho yake asubuhi, Ijumaa, alikuwa tena studioni, vipokea sauti masikioni na gitaa mapajani. Mtangazaji alifurahi kumwona, na furaha ile ndiyo iliyomponza Vitatu, kwa kuwa ni vigumu kumvunjia heshima mtu anayekuheshimu, hata kama heshima yenyewe si yako.

"Nilisahau kusema," alianza. "Dada yangu naye alinionyesha mambo mawili matatu."

Ndani ya vipokea sauti, mtu alicheka. Hakuwa mtangazaji. Simu ya Vitatu iliwaka mezani, na ujumbe wa Kimya, aliyebaki na binti, ulikuwa wa maneno mawili: *Kimekuwa cheusi.*

Hapo ndipo hasira iliyokaa mahali pabaya kwa miaka ishirini ilipopata njia, na Vitatu akasimama na kuanza kupiga kelele kwenye kinasa sauti, akimtaja dada yake kwa jina lake lote, la kwake na la baba yao, akimlaani baba huyo aliyefunga mlango na kujilaani mwenyewe aliyeufungua na kutoka peke yake na nyimbo mkononi, akisema kwamba hakubuni kitu, hata sauti moja, kwamba wale saba wa santuri aliwataja kwa sababu kuwataja kulimfanya aonekane mmoja wao, na kwamba mwanamke aliyemshinda yeye na hao saba alikufa mikono ikiwa imebabuka kwa sabuni, na msibani hakuna aliyesema kwamba alijua hata kushika gitaa.

Alipomaliza alikuwa analia. Simu iliita. "Kimefunguka!" Kimya alipaza sauti. "Kina rangi! Anakinyoosha, anakikunja, anacheka huyu!"

Mtangazaji alifuta macho. "Kaka, tupigie basi wimbo mmoja wa dada."

Vitatu aliweka mkono kwenye shingo ya gitaa. Alijua gitaa ni nini na nyuzi ni sita. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu. Vidole vyote vinne vilikuwa na joto, vizima, tayari, na havikujua pa kwenda. Aligusa uzi, akagusa mwingine, vikatoka vilio viwili visivyojuana, na mtangazaji akaweka tangazo la rangi za nyumba.

Alitembea hadi nyumbani. Hakuwa na uchungu kama alivyotarajia. Kidole cha mwanawe kilikuwa kizima, na bei hiyo angeilipa tena. Kimya alikuwa ameshaondoka. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefungwa, na kutoka ndani ulisikika wimbo wa chumba cha kufulia, uzi wa tatu ukiwa chini, ukipigwa vizuri kuliko yeye alivyowahi kuupiga katika maisha yake.

Alisimama kusikiliza. Wimbo uliisha.

"Rudia," sauti ilisema.

Wimbo ukaanza upya, ukafika mwisho, na ile sauti, ambayo sasa haikuwa na hasira hata kidogo, ambayo ilikuwa na upole wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, ikasema tena rudia, na wimbo ukaanza, na Vitatu akahesabu mara nne, mara tano, huku mkono wake ukiwa juu ya kitasa na kitasa kikiwa na baridi ya barafu, hadi alipousukuma mlango kwa bega na kumwona binti yake ameketi kitandani na gitaa lake mwenyewe, ncha za vidole zimepasuka na nyuzi zimelowa damu, na mbele yake kiti kitupu ambacho mto wake ulikuwa umebonyea katikati.

"Niliondoka kwako kama tulivyokubaliana," sauti ilisema kutoka kwenye kiti. "Wewe huna tena cha kusikilizwa. Yeye anazo nyimbo zote."

Vitatu alinyoosha mikono kulichukua gitaa.

"Usiliguse, baba," binti alinong'ona. Kisha akakigeukia kiti, na hasira yake ya jana ikamrudia usoni. "Nimechoka. Unasikia? Nimechoka! Shangazi yangu naye ulimfanya hivihivi? Akisema amechoka ulimfanyaje?"

Mto ulisogea, kama mtu anayejiweka sawa kitini.

"Alichoka mara moja tu," sauti ilisema. "Nikachukua kidole. Hakurudia kusema."

Binti alimtazama baba yake. Akakunja kidole chake cha mwisho, akakificha vizuri kiganjani, akaanza upya.